Tope na Dawa Zake

Miongoni mwa vitu vya jikoni ni vichache vilivyo duni kwa thamani na vikongwe kwa matumizi kama magadi, ambayo mpishi huyatia chembe mbili tatu katika maharage makavu ili yaive upesi, na mpenda ugoro huyachanganya na tumbaku yake, wala hapana ashughulikaye kuuliza nasaba yake. Lakini magadi hayo hayo, yakitiwa konzi mbili tatu tu katika pipa zima la udongo mzito usiotaka kumiminika, huugeuza udongo ule ukatiririka kwa wepesi pasipo kuongezewa tone la maji, na yakizidishwa kupita kadiri yake, udongo hurudi ukashikana na kukataa kumiminika kama ulivyokuwa kwanza. Tabia hiyo ya ajabu, ya kwamba kitu kidogo mno chaweza kuutawala mzigo mkubwa wa tope, ndiyo iliyoendesha kazi za mafundi wa namna mbalimbali ambao wenyewe hawakujuana, wafinyanzi, watengenezaji wa vyungu vya kuyeyushia madini, na wachimbaji wa visima vya mafuta. Na nionavyo mimi, habari yake yastahili kuandikwa kwa kuwa karibu kila mara fundi alitangulia na mwanazuoni akafuata nyuma, pengine kwa miaka michache, pengine kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Tuwatangulize Wayunani, maana ushahidi wao ungalipo katika makabati ya majumba ya makumbusho. Katika karne ya sita na ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wafinyanzi wa Athens walikuwa wakitengeneza mitungi, bakuli na vikombe vyenye picha nyeusi juu ya udongo mwekundu, na baadaye picha nyekundu zilizozungukwa na weusi, na weusi ule ulikuwa na mng'ao ambao wataalamu wa Ulaya walijaribu kwa muda mrefu kuuiga wasifaulu, baadhi yao wakidhani ni rangi ya madini ya pekee, na baadhi wakidhani ni namna ya kioo kilichoyeyushwa. Mwaka 1942 mkemia wa Kijerumani, Theodor Schumann, alionyesha kwamba weusi ule haukuwa ila udongo wa kawaida wenye chuma ndani yake, wa jinsi moja na udongo wa chombo chenyewe, uliochujwa kwa hila ya maji. Udongo huvurugwa katika maji yenye alkali, mathalani maji yaliyopitishwa katika majivu ya kuni, kisha huachwa utulie. Mchanga na chembe nene huzama chini, ilhali zile chembe nyembamba kabisa hubaki zikielea juu siku nyingi, na fundi huziengua pamoja na maji yake, akayaacha maji yapungue kwa jua mpaka apate rojo laini la kuchorea. Pasipo ile alkali mambo hayaendi hivyo, kwa sababu chembe nyembamba hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kuzifuata zile nene chini ya pipa, zisiweze kutengwa tena.

Kazi iliyobaki hufanywa na moto. Tanuri likipewa hewa, chombo chote huwa chekundu. Likinyimwa hewa na kujazwa moshi, chote huwa cheusi. Na likifunguliwa tena hewa ikaingia, mwili wa chombo huirudia rangi yake nyekundu, lakini mahali palipopakwa lile rojo laini pamekwisha kuyeyuka kidogo na kuziba vinyweleo vyake, hewa haipenyi tena, na weusi unabaki. Warumi nao, katika vyombo vyao vyekundu vya Arezzo na vya nchi ya Wagauli, walitumia udongo uliochujwa kwa hila hiyo hiyo ila moto wao haukuwa wa moshi. Mtu ashikaye kigae cha namna hii akakipindua mwangani huona kwamba mng'ao wake haukai juu ya udongo kama kioo kikaavyo juu ya sahani. Ni udongo wenyewe ung'aao, kwa kuwa chembe zake, zilizo bapa, zimejilaza zote upande mmoja.

Mafundi wa Staffordshire katika Uingereza waliijia tabia hii kwa mlango mwingine. Tangu katikati ya karne ya 18 walikuwa wakiumba vyombo vyenye maumbo magumu kwa kumimina udongo wa majimaji katika kalibu za jasi, na jasi, kwa kuwa ina kiu, hunyonya maji yaliyo karibu nayo, likafanyika ganda la udongo ukutani mwa kalibu. Ganda likitosha unene, fundi huipindua kalibu akamwaga udongo uliosalia katikati, na chombo hubaki kikiwa na uwazi ndani. Ubora wa njia hii ulionekana tangu mwanzo, na ubaya wake pia, kwa maana udongo uliovurugwa kwa maji matupu hauwi mwepesi wa kumiminika mpaka utiwe maji mengi mno, na maji hayo yote hapana budi yapitie katika jasi. Kalibu hulowa chepechepe baada ya vyombo vichache, na chombo kikaukapo husinyaa sana kikapinda au kikapasuka mkono na mdomo. Hali hii iliendelea zaidi ya miaka mia moja. Ni katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 ndipo mafundi wa Ujerumani na nchi jirani zake walipoanza kutia magadi katika mapipa yao, na baada ya muda silikati ya sodiamu pamoja nayo, na kazi ikabadilika kabisa.

Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo cha kushangaza: gramu tatu au nne kwa kila gramu elfu moja za udongo mkavu hutosha, na pengine hata hizo ni nyingi. Fundi wa Kiingereza alikuwa na njia yake ya kupima, naye hakuhitaji chombo cha maabara. Alichukua kipimo cha painti moja akakijaza udongo wa kumimina akauweka mizanini; painti ya maji huwa wakia 20, na painti ya udongo mzuri wa kumimina huwa wakia 36 au karibu yake, maana yake ni kwamba kitu kile kina uzito wa maji takriban mara mbili na bado kinateremka katika kijiti kwa uzi mmoja usiokatika. Uzi ukikatika-katika na kuanguka kwa mabonge, dawa haijatosha. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, na udongo ukaanza kutuama chini ya pipa, dawa imezidi kidogo, na chombo kitakachotoka kitachelewa kufanyika ukuta wake na kitakuwa kikavu cha kuvunjika-vunjika ukikikata kwa kisu. Kulikuwa na alama nyingine, ambayo hadi leo huonekana katika karakana: kalibu iliyotumika muda mrefu huota nje yake ukungu mweupe wa chumvi, kwa sababu magadi huingiliana na jasi, na uso wa kalibu huliwa pole pole mpaka mapambo yake yanafutika. Dawa inayouponya udongo huiua kalibu, na mwenye kiwanda huiweka gharama hiyo katika hesabu zake pasipo kunung'unika.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki na aruhusiwe hapa kukumbuka kwamba magadi anayoyajua yeye yana ziwa lake, nalo ni lile ziwa la Magadi lililo katika Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi, ambako kampuni iliyoundwa mwaka 1911 ilianza kuyachimba na kuyasafirisha kwa reli mpaka pwani. Sehemu kubwa ya mali yake ilikwenda kwa watengenezaji wa kioo, lakini kitu ni kile kile, kwa mfinyanzi na kwa mpishi.

Wanazuoni nao walikuwa wakikaribia. Thomas Graham, Mskoti aliyefanya kazi London, alikwisha mwaka 1861 kuitenga jamii ya vitu aliyoiita koloidi, vile ambavyo havijayeyuka katika maji wala havikubali kuzama upesi. Na mwaka 1870 Mfaransa Théophile Schloesing alionyesha kwamba tope la mto lililoelea muda mrefu huanguka likitiwa chumvi kidogo tu ya chokaa, akaeleza kwa hilo kwa nini mito hujitupia matope yake mahali inapokutana na bahari, kama ifanyavyo Rufiji na Tana kwetu. Mwaka 1882 Hans Schulze, Mjerumani, akapata kwamba nguvu ya chumvi katika kuangusha vitu vinavyoelea hutegemea idadi ya chaji za umeme katika ayoni zake: zile zenye chaji moja, kama sodiamu, ni dhaifu; zenye mbili, kama kalisiamu, zina nguvu nyingi zaidi; na zenye tatu, kama alumini, hushinda zote kwa mbali. Kwa ajili hiyo shabu, ambayo ni chumvi ya alumini, ndiyo iliyotumiwa tangu kale kusafisha maji ya mto yaliyovurugika, na magadi, ambayo ni ya sodiamu, huyafanya maji ya udongo yasitulie kabisa.

Sababu yenyewe ilifahamika vizuri baadaye sana, miale ya eksirei ilipowawezesha watu, katika miaka ya 1930, kulijua umbo la ndani la udongo. Chembe ya udongo ni kigae chembamba, upana wake hauzidi milimita 0.002, na nyuso zake mbili zina chaji hasi daima, lakini kingo zake, mahali kigae kilipokatika, huwa na chaji chanya maji yakiwa hayana alkali. Basi ukingo wa kimoja huvutwa na uso wa kingine, na vigae vyote husimama vikiegemeana kama nyumba ya karata, maji yakafungiwa katika vyumba vyake yasiweze kwenda popote. Ndiyo maana udongo wenye maji mengi waweza kuwa mzito usiomiminika. Magadi hufanya mambo mawili kwa mara moja: huitwaa kalisiamu iliyokuwa ikivifungamanisha vigae, ikageuka chokaa isiyoyeyuka na kuwa nje ya mchezo, na huigeuza chaji ya kingo ikawa hasi pia, hivi kwamba kila kigae kinamsukuma mwenziwe, nyumba ikabomoka, na maji yaliyofungwa yakaachiliwa. Silikati, fosfati na tanini za magome ya miti nazo huketi kwenye zile kingo na kuzifunika. Na dawa ikizidi, wingi wa ayoni katika maji huidhoofisha ile nguvu ya kusukumana mpaka vigae vikaribiane tena na kushikamana, jambo ambalo fundi wa Staffordshire alilijua kwa macho yake kabla hapajakuwa na mtu wa kumweleza.

Katika habari hii yote hapana mtu anipendezaye kama Edward Goodrich Acheson wa Pennsylvania, aliyezaliwa mwaka 1856, ambaye hakuwa na elimu ya chuo lakini alikuwa na ile subira ya kukirudia kitu mara mia. Alimtumikia Thomas Edison huko Menlo Park, akatumwa Ulaya kuweka taa za umeme, kisha akajitenga kufanya kazi zake mwenyewe. Na mwaka 1891, akitafuta kutengeneza almasi kwa kuchoma mchanganyiko wa udongo na makaa kwa umeme katika bakuli la chuma, alipata fuwele ngumu ambazo hazikuwa almasi, akaziita kaborandamu, nazo zikamtajirisha kwa kazi ya kunolea. Akahamia Niagara kwa ajili ya umeme wa maporomoko, akavumbua njia ya kutengeneza grafaiti, na ilipofika miaka ya kwanza ya karne ya 20 akataka kutengeneza vyungu vya kuyeyushia madini, ambavyo huumbwa kwa grafaiti iliyofungamanishwa na udongo.

Hapo akakutana na jambo lililomshangaza. Watengenezaji wa vyungu wa Marekani walikuwa wakiagiza udongo kutoka Ujerumani kwa gharama kubwa, wakisema kwamba udongo wa nyumbani haufinyangiki vizuri wala haukauki kwa nguvu, na hali wakemia walipouchambua udongo wa huku na wa kule walipata vitu vile vile kwa kadiri moja. Acheson alifikiri kwamba ikiwa tofauti haimo katika udongo, basi imo katika safari yake: udongo uliobaki pale ulipozaliwa, juu ya mwamba wake, ni mgumu wa kufinyanga, ilhali ule uliochukuliwa na mito ukapita misituni ukatua mbali ni mlaini, na kitu ambacho mto hukipata msituni ni maji ya majani na magome. Akautia udongo wake tanini. Udongo ukalainika, ukahitaji maji machache zaidi, ukasinyaa kidogo ulipokauka, na mkavu wake ukawa na nguvu nyingi kuliko kwanza; na ulipovurugwa katika maji mengi, chembe zake hazikutulia tena bali zilipita hata katika karatasi ya kuchujia.

Kisha akafanya jambo ambalo wavumbuzi wa viwandani hawalifanyi mara nyingi: akatafuta katika maandiko ya watu wa kale kama yupo aliyemtangulia, na kitu pekee alichokipata kilikuwa ni habari ya Bani Israili katika Kitabu cha Kutoka, waliokuwa wakifyatua matofali kwa majani makavu na kisha Firauni akawanyima majani hayo pasipo kuwapunguzia hesabu ya matofali. Akachemsha majani makavu, akautia udongo maji yake mekundu, na udongo ukafanya kama ulivyofanya kwa tanini. Mwaka 1904 aliutangaza uvumbuzi wake, na udongo ule akauita udongo wa Kimisri. Wasomaji wa pwani, wanaomjua Firauni aliyemwamuru Hamana awashe moto juu ya udongo amjengee mnara, labda watatabasamu kuona jinsi Mmarekani huyu alivyoisoma habari ya Nabii Musa kama asomaye kitabu cha karakana. Na kusema kweli, wafyatuaji wa matofali kandokando ya Nile, hata wa siku hizi, huchanganya majani yaliyokatwa-katwa kwa sababu iliyo rahisi zaidi, kwamba nyuzi zake huzuia tofali lisipasuke bali likauke kwa usawa. Lakini majani yaliyolowekwa siku kadhaa hutoa maji yake pia, na hapana awezaye kusema kwamba maji hayo hayafanyi kazi yoyote. Acheson alibuni sababu ya Misri kutokana na kitu alichokiona kwa hakika Niagara, na udongo haukumjali kwa hilo.

Miaka miwili baadaye, alipopata grafaiti laini mno isiyokubali kukaa katika maji, alikumbuka ile tanini, akaitumia, na grafaiti ikaelea. Mchanganyiko wa maji akauita Aquadag na ule wa mafuta Oildag, akitumia herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya grafaiti ya Acheson iliyotawanywa. Na miongo mingi baadaye, katika nyumba zilizokuwa na televisheni za zamani, kioo chake kizito kilipakwa Aquadag kwa ndani, ijapokuwa watazamaji wake hawakupata kusikia habari za majani ya Firauni.

Habari ya visima vya mafuta nitaisimulia kwa ufupi, ingawa fedha iliyotumika humo ni nyingi kuliko ya wafinyanzi wote waliotajwa. Tarehe 10 Januari 1901, katika kilima cha Spindletop karibu na Beaumont, Texas, kisima kilichochimbwa na ndugu watatu wa ukoo wa Hamill kwa ajili ya Kapteni Anthony Lucas kiliripuka, na mafuta yakaruka juu siku tisa kabla hayajazuiwa. Husimuliwa kwamba mchanga ulipokuwa ukibomoka shimoni, wachimbaji walipitisha ng'ombe katika kidimbwi wakikanyaga-kanyaga mpaka maji yakawa tope, wakalisukuma tope hilo kwa mabomba chini ya kekee, na kuta zikasimama. Tangu siku hizo tope limekuwa nusu ya ufundi wa kuchimba: ndilo lipandishalo vipande vya mwamba, ndilo likandikalo kuta, na kwa uzito wake ndilo lizuialo gesi isipande kwa ghafula. Lakini kekee ikipita katika udongo, au katika jasi, au katika saruji, tope huokota chembe na kalisiamu njiani, vigae vikaegemeana, na pampu haziwezi tena kulisukuma. Na ukiliongezea maji ulilegeze, limepoteza uzito wake, na gesi inangoja chini.

Katika miaka ya 1930 wachimbaji wa Marekani walipata dawa yao katika kebracho, mti mgumu wa nyanda za Chaco katika Argentina na Paraguay ambao magogo yake yalikuwa yakichemshwa kutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Tanini hiyo ikitiwa pamoja na alkali kali, tope hulegea likawa la rangi nyekundu ya kuiva, na kwa rangi hiyo wachimbaji wakaliita tope jekundu. Fosfati nazo zilijaribiwa, zikafaa visimani visivyo na kina kirefu, ila joto la chini zaidi liliziharibu. Mwaka 1931 Hallan Marsh alieleza kipimo chake chepesi, nacho ni faneli inayojazwa tope huku kidole kimeziba tundu lake, kisha kidole huondolewa na mtu huhesabu sekunde mpaka kikombe cha robo galani kijae: maji matupu huchukua sekunde 26, na kila sekunde inayozidi ni habari ya yale yanayotukia shimoni. Katika miaka ya 1950 ikaja dawa nyingine, iliyopatikana katika maji machafu ya viwanda vya karatasi na kutiwa kromu, ikaishinda tanini kwa kuvumilia joto na chumvi. Nayo pia, ukiichunguza asili yake, ni maji ya miti.

Nchi zetu zilikuwa na sehemu yake katika biashara ya tanini, ingawa kwa muda mrefu ilikwenda kwenye ngozi peke yake. Magamba ya mikandaa na mikoko ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda Ulaya tangu enzi ya Wajerumani. Na miwati, mti wa Australia uliofika Natal mwaka 1864, ulipandwa katika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne iliyofuata, na Njombe tangu mwaka 1949, magome yake yakachemshwa na kukaushwa yakawa unga wa kahawia unaofungwa katika magunia. Unga huo huyeyuka upesi katika maji ya alkali na huketi juu ya kingo za udongo kama kebracho iketivyo. Tangu kromu ilipoanza kuogopwa kwa sumu yake, hasa mahali ambapo tope la visima hutupwa baharini, wauzaji wa dawa za tope wameirudia tanini ya magome na kuitafutia njia ya kustahimili joto. Lakini pale kisimani, pampu ianzapo kulemewa usiku, aamuaye kama gunia jingine lifunguliwe bado ni yule mtu wa zamu mwenye faneli mkono mmoja na saa mkono wa pili.